Miaka 6 ndani ya geti la mgodi, nimetoka bila hata karatasi moja. Makandarasi mnatumaliza!

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa nafasi za kazi migodini. Huu hautangazi kazi, nalia tu hapa.

Mimi ni fundi mitambo mizito. Nilimaliza VETA, nikaenda Kahama 2016 na cheti, ovaroli moja na namba ya simu ya binamu. Miezi 11 nimekaa nje ya geti. Waliopitia wanajua: saa 11 alfajiri mpo barabarani na bahasha zenu, basi la wafanyakazi linapita na vumbi lake, na kila aliyevaa jaketi la kung'aa mnamwamkia shikamoo hata kama ni mdogo wako wa mwisho. Kazi za vibarua zinapitia serikali ya kijiji, huna barua ya mwenyekiti kwamba wewe ni mwenyeji, imekula kwako. Kazi za ufundi zinapitia kwa mkandarasi, na mkandarasi ana mtu wake, na huyo mtu naye ana mtu wake. Nilitoa kiasi gani msiniulize. Nilitoa.

2017 nikaingia. Watu wa nje ukiwaambia uko mgodini wanadhani umeajiriwa na mgodi wenyewe. Thubutu! Kuna mkandarasi wa kuchoronga, wa kulipua, wa kubeba mawe, wa matairi, wa chakula, wa kufagia. Kofia ngumu ina nembo ya mgodi, mkataba ni wa mtu mwingine kabisa. Wangu ulikuwa wa miezi 3. Ukiisha unasaini mwingine wa miezi 3. Ndani ya miaka 6 nimepita kwa makandarasi watatu bila kuhama hata meza ya spana. Zabuni inabadilika, jina mgongoni mwa ovaroli linabadilika, dampa ni lile lile, bosi ni yule yule, anachukua tu kofia ya rangi nyingine.

Na kazi nimepiga. CAT 777, lile dampa linalobeba tani zaidi ya 90, nimeshusha injini yake na kuirudisha. Haidroliki za eskaveta, breki, gia za magurudumu ya nyuma, yote hayo shifti ya usiku, mvua ya Machi inakupiga mgongoni na redioni wanauliza "fundi bado tu?" Nikisikia mtu anasema vijana wa Kitanzania hawana uzoefu natamani nimpe spana namba 36 nikae pembeni nimtazame.

2023 zabuni ikaisha tena. Safari hii hatukuitwa. Askari wa getini akachukua kitambulisho, nikavuka barabara, nikapanda bodaboda. Basi.

Mtaani huko ndiyo usiseme. Mgodi wa Buzwagi ulishafungwa tangu 2021, Kahama imejaa mafundi wa kweli wanaouza vocha. Nikasema acha nijaribu nje.

Nikaanza na ujinga, nakiri. Kuna wakala mmoja wa WhatsApp, picha ya wasifu amevaa suti, kazi migodini Australia, chumba bure, chakula bure, mtihani wa Kiingereza hakuna. Akanitumia barua ya ajira. Imeandikwa kambi ya mgodi ipo "katikati ya jiji la Perth". Nina aibu kwamba sikustuka. Perth ni jiji, wakuu. Kalgoorlie kwenye dhahabu ni karibu kilomita 600 kwenda mashariki, na kule Pilbara kwenye chuma ni mbali zaidi, watu wanapelekwa kwa ndege, wanapiga wiki zao kambini, wanarudishwa. Nikatuma 1,850,000, nusu yake ya mama. Siku aliyoniambia nijiandae kwa usaili "ubalozi wa Australia Dar" ndipo mdogo wangu akaniuliza huo ubalozi uko mtaa gani. Upo Nairobi. Namba ikazimwa jioni ile ile.

Hapo ndipo nilipokaa nikasoma vizuri, na nawaambia ili asipigwe mwingine: Australia kuuza au kununua udhamini wa viza (yaani mwajiri kukuombea viza) ni kosa kisheria tangu Desemba 2015. Muuzaji ana kosa, na wewe mnunuzi una kosa. Kanada vilevile, ada ya kibali cha kuajiri mgeni ni dola 1,000 na analipa mwajiri, haruhusiwi kukurudishia wewe mzigo. Kwa hiyo ukiona mtu anakudai hela ya "kukufungulia faili kwa mwajiri", huyo ni mwizi, hata kama ana ofisi yenye kiyoyozi Posta. Na udereva wa dampa, wanaoupigia debe kuliko vyote, Australia hawauhesabu kama fani ya ujuzi ya kumwombea mgeni viza. Ufundi wa mitambo ya dizeli, ndiyo. Yaani fani YANGU ipo kwenye orodha yao! Niliposoma hivyo nilisimama peke yangu chumbani.

Sasa sikilizeni uchungu wenyewe.

Fundi wa nje ili akubaliwe, ujuzi wake unapimwa kwanza na chombo chao kinaitwa TRA (siyo hawa wetu wa kodi, ingawa na wao wanapenda karatasi). Wanataka cheti cha chuo, ninacho. Wanataka barua ya kila mwajiri: tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo, saa kwa wiki, kazi ulizofanya moja moja, mitambo gani, sahihi na simu ya aliyesaini. Na hati za mishahara. Miaka 6, makandarasi watatu, nina barua ngapi? SIFURI. Hati za mishahara ninazo 9, nyingine tulikuwa tunasaini daftari tunapewa bahasha.

Mkandarasi wa kwanza kampuni haipo tena, ofisi yake sasa ni saluni. Wa pili afisa rasilimali watu ananijibu "tunashughulikia" tangu Februari mwaka jana. Wa tatu kaniambia kwa mdomo wake, "Wewe ulikuwa kibarua, kibarua hapewi barua." Kibarua anashusha injini ya dampa?

Na hii siyo hisani jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, ajira ikiisha mwajiri anakupa cheti cha utumishi. Hakijasema akijisikia. Nilipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikaambiwa malalamiko ya namna hii yanaletwa ndani ya siku 60. Mimi siku zangu 60 ziliishia nikisubiri ile "tunashughulikia". Naweza kuomba kuongezewa muda nikiwa na sababu za msingi, nimeshaanza kuandika.

NSSF nako nikachapisha taarifa ya michango nikidhani itanisaidia kama ushahidi. Kuna miezi 14 haipo. Kwenye hati ya mshahara wamekata, kule haikufika. Hebu niambieni huo ni wizi au ni usahaulifu?

Halafu kwenye makongamano wanasimama wanahesabu ajira za Watanzania, tangu zije zile kanuni za 2018 za kushirikisha wazawa kwenye madini. Mimi nimo kwenye hizo hesabu, nina uhakika. Kila miezi 3 labda nimehesabiwa upya.

Naomba msaada kwa aliyewahi kupimwa ujuzi na hao TRA akiwa hana barua ya mwajiri: walikubali kiapo cha mwanasheria pamoja na barua ya msimamizi wa zamani? Msimamizi wangu mmoja yuko Kolwezi sasa, amekubali kuandika, ila hana karatasi yenye nembo. Huyo huyo ananiambia niende Kongo, kwamba kule wanakupa mtambo mbovu asubuhi, ukiwaka jioni umeajiriwa. Naipima hiyo pia.

NYONGEZA: Wanaoniambia PM kwamba wanaweza "kunitengenezea" barua na mhuri, asanteni, hapana. Ile namba ya simu ya mwajiri haiwekwi pale kama pambo, wanapiga.

NYONGEZA 2: Afisa wa mkandarasi wa pili, najua upo humu, umewahi kunitumia uzi wa mpira kutoka humu humu. Barua ni ukurasa mmoja. Nimeshaichapa, tarehe nimeweka, mitambo nimeorodhesha. Wewe ni kusaini na kugonga mhuri tu. Niambie siku, nakuja na kalamu.