Kibanda cha darubini uani, Tanga: nizuieje kuvu kwenye kioo, na stendi niiwekeje?

Raskazone

Habari zenu wanajukwaa. Nina darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 203 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, ambayo kwa sasa naihifadhi sebuleni na kuitoa uani kila anga inapokuwa safi. Kazi ya kuibeba, kuifunga juu ya stendi na kulinganisha vioo upya imenichosha, kwa kuwa mara nyingi nikimaliza maandalizi mawingu ya baharini huwa yamekwisha kuingia. Kwa hiyo nimekusudia kujenga nyuma ya nyumba kibanda kidogo cha kudumu chenye paa la kusukuma, ili darubini ibaki mahali pake na mimi niwe nafungua tu na kutazama.

Yako mambo mawili yanayonizuia kumwita fundi. La kwanza ni kwamba nilipokimulika kioo kikuu kwa tochi niliona vidoa kama kumi hivi vyenye nyuzinyuzi zinazotawanyika kutoka katikati, kikubwa kabisa kikiwa na upana wa nusu sentimita. Naamini ni kuvu. Ikiwa imeota ndani ya nyumba, huko kibandani, mita chache tu kutoka baharini, hali itakuwaje? La pili ni stendi yenyewe, ambayo ni ya kiikweta (hufuata nyota kwa kuzunguka mhimili ulioelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo anga yote huonekana kuizunguka) na kipimo chake cha latitudo hakishuki chini ya nyuzi 20, ilhali Tanga iko nyuzi 5 Kusini. Nikiilazimisha ishuke zaidi, fimbo ya vizani inagonga mguu wa stendi. Kijitabu chake kinanielekeza niitafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haipandi juu ya upeo wa macho hata siku moja. Naomba ushauri wa waliokwisha kuishi na vyombo hivi pwani.

Bin Shangani

Ndugu Raskazone, salaam kutoka Unguja. Nianze na kioo, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua kibanda chako kijengweje.

Vidoa unavyovieleza ni kuvu kweli, lakini usiingiwe na hofu. Kioo chenye kipenyo hicho kina eneo la takriban milimita za mraba 32,400, na vidoa kumi vya nusu sentimita vikijumlishwa havifikii milimita za mraba 200, yaani hupotezi hata asilimia 1 ya mwanga. Zohali haitakosa pete zake kwa ajili hiyo. Ubaya wa kuvu ni kwamba hutoa asidi inayokula tabaka la alumini, na palipokwisha kuliwa hapasafishiki tena; dawa yake ni kupakwa alumini mpya ndani ya chumba cha utupu, kazi ambayo huwezi kumpelekea fundi wa mtaani. Kwa hiyo kioshe mapema, kabla vidoa havijazeeka.

Weka alama ya kalamu ubavuni mwa kioo na kwenye kishikizo chake, ili kirudi katika mkao uleule. Vua pete na saa, kisha ukilaze kioo, uso juu, ndani ya beseni la plastiki ulilotandika taulo. Kimwagie kwanza maji ya uvuguvugu kwa wingi bila kukigusa, mpaka mchanga na chumvi viondoke vyenyewe, maana chembe moja ya mchanga ikiburutwa na pamba itaacha mchirizo ambao utaishi nao. Baada ya hapo jaza maji yakifunike, tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, chovya pamba ya hospitali na uiburute kwa uzito wake mwenyewe, kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha uitupe na kuchukua nyingine. Ukihisi unataka kukandamiza, acha. Heri doa libaki. Suuza, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya betri, kwa sababu maji yetu ya bomba na ya visima yana chumvi inayoacha alama nyeupe yakikauka. Soma lebo ya chupa kwa makini uhakikishe kwamba ni maji matupu, kwani asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Mwisho kisimamishe kioo kwa ukingo wake kikauke, na tone litakalogoma kuondoka linyonye kwa ncha ya tishu.

Sasa kibanda. Watu wengi hufikiri kwamba dawa ya unyevu ni kuziba kila tundu, na kwa hali yetu ya hewa mimi nakataa. Usiku wa kawaida wa pwani wenye joto la nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 88 huanza kutoa umande kitu chochote kinapopoa hadi nyuzi 22 tu, na bomba la darubini lililoelekea anga wazi hupoa kiasi hicho kwa urahisi. Ukilifunga likiwa limelowa, umeifungia kuvu chakula na kinywaji. Hewa hiyohiyo ukiipasha hadi nyuzi 30, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 62, na kuvu ya vioo haipendi kuishi chini ya asilimia 70. Kwa maana hiyo unachohitaji ni joto dogo la kudumu ndani ya bomba: mkanda wa kupasha wa volti 12, wa wati chache tu, nyuma ya kioo kikuu, na mdomo wa bomba ufunikwe kwa kitambaa cha pamba kinachopumua. Mfuko wa plastiki usiutumie kabisa. Saa moja kabla ya kutazama zima mkanda, washa feni ndogo ya kompyuta nyuma ya kioo na ufungue paa, kwa sababu kioo chenye joto kuliko hewa hufanya nyota zichezecheze.

Jambo moja dogo la ndani ya nyumba: kama sebule yako ina kiyoyozi, huenda kuvu yako imeanzia hapo. Kioo kilichopoa hadi nyuzi 20 kikitolewa uani hulowa papo hapo. Chombo kikitoka chumba chenye kiyoyozi kiache ndani ya sanduku lake lililofungwa mpaka kipate joto la nje, ndipo ulifungue.

Mwambao Maskati

Nashukuru kwa maelezo ya Bin Shangani, ila naomba kutofautiana naye kidogo kuhusu kuziba. Mimi niko Maskati, ambako wakati wa kiangazi bahari inatupa unyevu kama wenu na jangwa linatuongezea vumbi juu yake. Bomba langu nimelifunga pande zote mbili kwa vifuniko vyenye mpira, na ndani nimeweka mfuko wa kitambaa wenye nusu kilo ya silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ikishageuka naikausha kwenye jiko la oveni kwa nyuzi 120, saa mbili au tatu, na inarudi kazini. Ile ya buluu msiinunue, kwani rangi yake inatokana na kobalti, ambayo ni sumu. Kioo changu hakina doa, na umeme ukikatika sina wasiwasi, jambo ambalo mwenye mkanda wa kupasha hawezi kulisema.

Bin Shangani

Ndugu yangu wa Maskati, hoja ya umeme naikubali. Lakini angalia bomba la Ndugu Raskazone: darubini ya kioo ya aina hii ina tundu la lenzi ya kutazamia ubavuni, mashimo ya skrubu za kulinganishia nyuma, na mara nyingi kitako kilicho wazi kabisa. Silika ndani ya bomba linalovuja itashiba kwa siku chache na kuanzia hapo ni mzigo tu. Kama ataweza kuliziba kama ulivyoliziba lako, na kama atalifunga likiwa kavu, basi njia yako ni nzuri kuliko yangu. Lenzi za kutazamia ndizo ningezifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika, na ningezirudisha ndani ya nyumba kila usiku.

Nguzo ya Zege

Nami niongeze kuhusu stendi, kwa kuwa suala hilo limeachwa. Niko Dar es Salaam, nyuzi 6.8 Kusini, kwa hiyo shida yako naifahamu vizuri: stendi nyingi za kiikweta zimebuniwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na Ikweta.

Usihangaike kuilazimisha ishuke. Iache kwenye nyuzi 20, mahali ambapo skrubu zake zinafanya kazi bila kubanwa, na uinamishe kitu kilicho chini yake. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee nguzo ya bomba la chuma la milimita 150 au zaidi, na juu yake achomelee bamba lililoinama nyuzi 15, upande wa Kusini ukiwa chini. Kwa bamba lenye urefu wa milimita 200, tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ni milimita 52 hivi, nawe unaweza kuipima kwa rula ya kawaida. Ishirini ukitoa kumi na tano unabaki na tano zako, na kwa kuwa nguzo haina miguu iliyotanuka, vizani vitapata nafasi ya kupita. Bomba la nguzo lijazwe mchanga mkavu ili mtikisiko ufe haraka. Msingi wa zege uchimbwe peke yake, na kati yake na sakafu ya kibanda uachwe mwanya wa vidole viwili, la sivyo kila hatua utakayopiga utaiona ndani ya lenzi.

Kuhusu kuielekeza: ncha ya anga ya Kusini kwako iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, na Sigma Octantis, nyota iliyo jirani nayo, ni hafifu hata kwa watu wa Australia, sembuse kwetu inapopita ndani ya ukungu wote wa baharini. Isahau. Anza mchana kwa kivuli. Simamisha fimbo iliyonyooka kwa timazi na uchore mstari wa kivuli chake wakati jua linapovuka mstari wa Kaskazini na Kusini. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki na Tanga iko nyuzi 39, kwa hiyo kwa wastani jua lenu huvuka saa 6 na dakika 24 mchana. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia hadi kama saa 6 na dakika 7, na katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa 6 na dakika 38. Kazi hii ifanye Juni au mwanzoni mwa Julai, kivuli kinapozidi nusu ya urefu wa fimbo. Wiki ya kwanza ya Machi au ya Oktoba usijaribu, kwani jua linakuwa utosini na kivuli hakipo.

Ukishapata mstari huo, malizia usiku kwa kutazama mtelezo. Chukua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu kabisa ya Ikweta ya dunia) na karibu na utosi, uikuze sana na uiache stendi iifuate. Ikiteleza kuelekea Kaskazini au Kusini, zungusha stendi kidogo upande mmoja. Mtelezo ukizidi, rudi upande wa pili. Kisha rudia kwa nyota iliyo chini upande wa Mashariki, safari hii ukigusa skrubu ya kimo. Kwa sababu bamba lako limeinama, kugusa skrubu moja kutaiharibu kidogo nyingine, kwa hiyo uzunguke mara kadhaa. Mwenye kamera na kompyuta anaweza kutumia programu ya N.I.N.A., ambayo ina nyongeza inayopima kosa la mhimili kutoka sehemu tatu za anga bila kuiona ncha.

Raskazone

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuzungumza na fundi wa mageti kuhusu bamba. Nimebakiwa na swali la paa: nafikiria mabati juu ya fremu ya chuma. Je, upepo wa kusi hautalichukua?

Nguzo ya Zege

Fundi wa mageti ndiye hasa uliyemhitaji, kwa kuwa paa la kusukuma ni geti lililolazwa: magurudumu yaleyale na reli ileile. Reli zirefushwe nje ya kibanda upande wa nyumba, ambako huna cha kutazama. Upepo utalichukua usipolifunga, kwa hiyo kila pembe iwe na komeo la kubana chini, na ulifunge pia linapokuwa limefunguliwa. Chini ya mabati weka stirofomu na juu upake rangi nyeupe, vinginevyo jua la mchana litakiachia kibanda joto mpaka saa tano za usiku. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukilipata, na zinapoingia kwenye alumini zipakwe grisi, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana kwenye hewa ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa.

Bin Shangani

Na kila tundu la kupitishia hewa liwekwe wavu wa mbu. Mijusi hupenda joto la mkanda wa kupasha, na kinyesi chao kikidondokea kioo hula alumini haraka kuliko kuvu. Nyigu wa udongo nao huziba mashimo ya skrubu za kulinganishia. Ukikuta udongo humo usiuchokoe kwa bisibisi ukiwa umeelekeza bomba juu, kwani wote utaangukia kioo. Laza bomba kwanza.

Raskazone

Nimeelewa. Nitaosha kioo Jumamosi, na nguzo itasimamishwa kabla ya mwisho wa Juni ili niwahi kivuli kirefu.