Kaka ameumia uti wa mgongo, presha inaruka ghafla. Ni nini hii?

Dada Mtu:
Habari zenu wakuu. Kaka yangu alivunjika pingili ya nne ya kifuani, kuanzia chuchu kushuka hahisi kitu. Anatumia mpira wa mkojo wa kudumu. Kuna hali inamjia ghafla: kichwa kinamgonga, uso unawaka, jasho linamchuruzika shingoni, huku miguu ni ya baridi. Presha yake siku zote ni 95 ya juu, juzi usiku ilifika 168. Tulimpa dawa ya maumivu tukamlaza. Aanzishiwe dawa za presha?

Mzee wa Busara:
Pole sana dada. Apunguze chumvi na mawazo.

Magurudumu:
Mzee wangu, chumvi hapa haihusiki kabisa.

Dada, mimi nimeumia shingoni, hiyo hali naijua. Hutupata sisi tulioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Madaktari huiita otonomiki disirefleksia. Chini ya jeraha kuna kitu kinausumbua mwili, mara nyingi kibofu kilichojaa. Neva za huko zinabana mishipa ya damu, presha inapanda. Ubongo unaamuru mishipa ilegee, ila amri haivuki pale palipoumia.

Msimlaze! Mkalisheni wima, miguu ining'inie. Legezeni mkanda, viatu, na kamba za mfuko wa mkojo. Kisha fuateni mpira kwa mkono kuanzia unapotokea mwilini hadi kwenye mfuko: umekunjika? Ameukalia? Kama umeziba, ubadilishwe mara moja. Mpira ukiwa safi, fikirieni choo kilichogandamana, halafu kagueni ngozi yote, hadi ukucha uliozama kwenye nyama. Pimeni presha kila baada ya dakika chache. Isiposhuka, hospitali hapo hapo, kwani inaweza kuleta kiharusi. Dawa ya maumivu inanyamazisha kichwa tu, kibofu kinaendelea kujaa.

Na huko hospitali semeni wazi kwamba kawaida yake ni 95. Asiyejua ataona 168 aseme si mbaya sana. Nimeshaambiwa hivyo, huku kichwa kinataka kupasuka.

Nesi wa Zamu:
Magurudumu kamaliza. Naongeza kuhusu choo: msiingize kidole kikavu, huko nako ni kuichokoza presha. Pakeni jeli ya ganzi, subirini ifanye kazi, ndipo mtoe taratibu. Presha ikiwa bado juu, mwachieni mhudumu wa afya.

Dada Mtu:
Asanteni mno. Nimemuuliza anayemlaza, kumbe ile asubuhi mfuko ulikuwa na mkojo kidogo sana, tukadhani hakunywa maji. Mpira hupitishwa chini ya paja.

Magurudumu:
Basi anzeni hapo. Upite juu ya paja, ufungwe usivutike, na mfuko ukae chini kuliko kibofu. Akigeuzwa usiku, anayemgeuza aukague kabla hajarudi kulala.