MJADALA: Tiba ya jeni kwa maumivu ya viungo, tuikubali?

Mleta mada: Jolee Mohr, Mmarekani wa miaka 36, alifariki Chicago Julai 2007, wiki chache baada ya kuchomwa gotini, katika jaribio la tiba ya jeni, sindano ya pili ya kirusi kilichobeba jeni (maagizo ya urithi ndani ya seli) ya kutuliza baridi yabisi. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauui. Je, ni halali kumjaribia mtu kitu kizito hivi?

Kisiki: Si halali. Wakorea Kusini walishauza tiba ya jeni ya kwao, ndani yake zikakutwa seli za figo. Halafu maumivu ya viungo ni uzee na baridi tu. Bibi zetu walijichua mafuta ya karafuu, maisha yakaenda.

Binti Makame: Uzee? Mama baridi yabisi ilimwanza ana miaka 31. Leo hawezi kufunga vifungo vya nguo yake. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo, haihusiani na baridi ya alfajiri!

Kisiki: Pole dada, lakini mama yako sikumtaja.

Binti Makame: Umewataja wote wenye vidole kama vyake.

Mkunga Mstaafu: Wanangu, mnachanganya magonjwa mawili. Ile ya Korea, Invossa, ilikuwa ya magoti yaliyolika gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Iliidhinishwa 2017, kibali kikafutwa 2019 kwa sababu hizo seli za figo ziliandikwa kuwa za gegedu. Mohr alikuwa na baridi yabisi. Kilichomuua ni fangasi iliyoenea mwilini, naye alikuwa kwenye dawa za kushusha kinga. Serikali ya Marekani ikaruhusu jaribio hilo liendelee mwaka uleule wa 2007.

Kisiki: Figo gotini, mama, na bado unatetea?

Mkunga Mstaafu: Nimetetea wapi? Aliyeandika uongo kwenye chupa afungiwe. Na aliyemwandikisha Mohr alikuwa daktari wake mwenyewe wa kila siku. Hapo ndipo penye ubaya. Nani humkatalia daktari wake?

Mpemba Halisi: Karafuu imewakosea nini? Mafuta yake yanatuliza, nimeona kwa macho yangu.

Binti Makame: Yanatuliza, kaka, hayazuii kiungo kupinda.

Mpemba Halisi: Na hiyo jeni imezuia cha nani?

Mleta mada: Jamani, swali langu lilikuwa uhalali.

Binti Makame: Basi nakujibu. Mama akiitwa leo kwenye jaribio, atakwenda. Nitakachodai ni asomewe hatari zote kwa Kiswahili, na mtu asiye daktari wake. Kisiki, hilo nalo unalipinga?