Kwa nini leseni za kuwinda elki zinaendelea kuuzwa ilhali wanyama wanapungua?

Swali

Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Missoula, jimboni Montana, na nimetokea Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mambo ya leseni ni mageni kwangu. Wenzangu kazini husema kwamba elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, wamepungua upande wa magharibi wa bonde la Bitterroot, kusini mwa Missoula, na lawama zote huwatupia mbwa mwitu (wolves). Hata hivyo, jimbo linaendelea kuuza leseni kila mwaka. Je, si busara kusimamisha uuzaji kwanza? Na mgeni kama mimi akitaka kuwinda, aanzie wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, tenganisha leseni na kibali. Leseni ya kawaida hukuruhusu kuwinda kwa masharti ya kila wilaya ya uwindaji, lakini pale ambapo wanyama ni wachache hutakiwa pia kibali, ambacho hutolewa kwa bahati nasibu. Muhimu zaidi ni jinsia ya mnyama anayeuawa. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kupungua kwa madume hakuathiri sana idadi ya ndama. Jike aliyepigwa risasi Januari, kwa kawaida, huwa tayari ana mimba iliyotungwa Septemba.

Tazama kundi la kaskazini mwa hifadhi ya Yellowstone. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na elki wapatao 19,000, na kufikia mwaka 2013 walihesabiwa chini ya 4,000. Ni kweli kwamba mbwa mwitu walirudishwa mwaka 1995 na 1996, lakini katika miaka hiyo hiyo wawindaji waliruhusiwa kuua majike waliotoka hifadhini wakati wa baridi kuelekea mji wa Gardiner, mpakani mwa hifadhi. Mbwa mwitu walichukua zaidi ndama na majike wazee, ilhali bunduki ziliwaondoa wale walio katika umri wa kuzaa. Vibali vilipunguzwa sana, na mwaka 2011 msimu huo wa uwindaji wa baridi ukafutwa kabisa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila asitufanye tuamini kwamba kupunguza vibali kunatosha. Huko Bitterroot, watafiti waliwavisha ndama vifaa vya kuwafuatilia kuanzia mwaka 2011, na wengi walipotarajia kusikia habari za mbwa mwitu, ilibainika kwamba puma, paka wakubwa wa mwituni, ndio waliokuwa wakiua ndama wengi zaidi. (Wako waliokataa kuliamini hilo, na bado wanakataa.) Tena malisho ya West Fork, tawi la magharibi la mto Bitterroot, ni hafifu kuliko ya East Fork, tawi la mashariki, na jike aliyekonda hashiki mimba kwa urahisi. Ndiyo maana maofisa hupanda ndege na kuhesabu ndama kwa kila majike 100: uwiano huo ukiwa mdogo, hata ukifunga uwindaji wote kundi litachelewa kurudi.

Jibu la tatu

Kusimamisha leseni jimbo zima kungeleta madhara, kwa sababu zipo wilaya ambako elki wamezidi, hasa wanapokimbilia mashamba ya watu binafsi yasiyoruhusu wawindaji na kula majani ya ng'ombe. Isitoshe, fedha za leseni, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi ambao sheria ya mwaka 1937 iliuelekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori, ndizo zinazogharamia ndege na watafiti hao. Mimi huona huo ni mtego kidogo, maana idara ya wanyamapori inayopaswa kusema "punguzeni" ndiyo inayoishi kwa mauzo ya leseni.

Kuhusu wewe: ukiwa umeishi Montana siku 180 mfululizo utahesabiwa mkazi. Hilo lina uzito, kwani wasio wakazi hupewa si zaidi ya asilimia 10 ya vibali. Kama umezaliwa baada ya Januari 1, 1985, utatakiwa kwanza kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Maombi ya vibali vya elki hufungwa Aprili 1, basi anza na mafunzo mapema.