Tupeane uzoefu: Johnny B. Goode ilikukuta wapi?

Kinyozi Msamvu: Wakuu, jana daladala tuliyopanda dereva kaweka Johnny B. Goode. Gitaa la mwanzo lilipolia tu, mzee wa siti ya nyuma akajipiga paja: "Haa, Chuck Berry huyo!" Wimbo wa rock and roll wa Mmarekani huyo, wa 1958, na bado unaamsha watu. Wewe ulikukuta wapi?

Binti Reli: Tabora. Baba alikuwa mtu wa reli. Santuri yake ilikuwa na mkwaruzo, ikifika katikati inaruka, nasi tunaruka nayo. Nilipousikia mzima ukubwani nikaona wameuongeza. Baba alipenda pale kijana wa Louisiana anapokaa chini ya mti kando ya reli, gitaa lake kalibeba kwenye gunia, na madereva wa treni wanamwona wakipita. Akishafika hapo lazima atuambie, "Mnaona? Madereva ndio waliojua mziki kwanza."

Kaka Besi: Hahaa, umenikumbusha baba yangu.

Solo Mstaafu: Mimi ni harusini. Mzee mmoja aliyesoma Marekani katuma kikaratasi na noti juu: Johnny B. Goode. Ule mwanzo gitaa linalia peke yake, huna pa kujificha. Nikaupiga safi, kii (ngazi ya sauti) ya B flat kama kwenye santuri. Wenzangu wakaingia na A! Mpiga besi kalewa, wa ridhimu kamfuata. Mama wa bwana harusi kaziba masikio, MC anatangaza "mitambo ina hitilafu kidogo". Mzee akapanda jukwaani kudai noti yake, na mpiga besi alishaitia mfukoni.

Kaka Besi: Kila kosa ni mpiga besi. Sawa.

Mjuaji Tanga: Mnausifia mwanzo ule, Chuck kaudokoa kwa Carl Hogan, gitaa la bendi ya Louis Jordan, 1946.

Solo Mstaafu: Kudokoa vipi wakati Chuck mwenyewe alimtaja Hogan hadharani? Kasikilize nyimbo zote mbili, ya bendi ya Jordan na hii, ndipo urudi.

Mjuaji Tanga: Na piano ni Johnnie Johnson.

Solo Mstaafu: Siyo! Siku ile studio alikuwa Lafayette Leake. Johnson ndiye aliyechangia jina la Johnny. Goode ni mtaa wa jiji la St. Louis, Marekani, alikozaliwa Chuck.

Binti Reli: NASA, wale wa anga wa Marekani, waliurusha angani na vyombo vya Voyager 1977, nyie mnagombania piano.

Dada Mbezi: Mimi ulinivunjia uchumba. Kwenye sendofu yangu mchumba kaamua kutembea ule mwendo wa bata wa Chuck, mguu mmoja mbele, kachuchumaa, mbele ya baba na wajomba. Suruali ikapasuka nyuma yote. Shangazi kavua kanga kumfunika. Baba akasimama, akatoka. Na hapo ndipo yalipoanza.

Kinyozi Msamvu: Yapi tena??

Kaka Besi: Dada, usituache hapa.

Dada Mbezi: Nipo kazini, narudi jioni.

Kijana Gitaa: Shikamooni wakubwa. Najifunza ule mwanzo, vidole vinaniuma. Nifanyeje?

Solo Mstaafu: Marahaba. Anza taratibu, kwa B flat hiyohiyo.

Kaka Besi: Piga kwa A, nyuzi wazi zitakusaidia. Usimsikilize huyo, ana kinyongo.

Mjuaji Tanga: Nunua kinanda.

Kinyozi Msamvu: Dada Mbezi, jioni ndiyo hii.