Mark II GX110 imechoka, niitengeneze au niiuze? Nipo Mwanza

Ngosha wa Buswelu

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi GX110, hasa mlioko Kanda ya Ziwa, maana mtu wa Dar ushauri wake mara nyingi unategemea lami kila mahali na spea zipo hatua mbili kutoka gereji.

Gari ni Toyota ya 2002, injini 1G silinda sita, cc 2000, oto, usajili wake ni namba B. Odometa imeshapita laki mbili na nusu. Siku za kazi ni Buswelu mjini, Buswelu mjini. Wikiendi naenda Sengerema kwa mama, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 nimeongeza safari maana pale tulipokuwa tunakaa foleni ya kivuko, saa nyingine mpaka giza linaingia, sasa hivi ni kilometa 3 za daraja na upo ng'ambo. Kwa hiyo gari inafanya kazi kuliko zamani, na nahisi ndo maana uzee umeanza kuonekana.

Inakula oili. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Ikishapata moto gia ya pili kwenda ya tatu inashtua. Mbele inagonga kwenye vumbi na mawe huku kwetu. AC ipo ipo tu. Lakini bodi haina kutu hata kidogo, haijawahi kunyooshwa popote, na ikiwa barabarani imetulia, mama anakaa kiti cha nyuma kanyoosha miguu mpaka anafika kwake na mgongo haumsumbui, hilo kwangu ni kubwa sana.

Fundi mmoja kasema nifanye ovahoo, yaani kufungua na kufufua injini nzima, na gia boksi nitafute used. Nikijumlisha na shokapu na bushi inafika karibu milioni 3 na gari yenyewe sokoni sidhani kama inavuka 5 au 6. Ndugu wanasema uza uchukue Mark X, wengine Premio. Nina milioni 9 mkononi, ukiongeza ya kuuza hiyo, na mkopo sitaki kabisa.

Ninachoomba kujua ni kwa gari kama hii mtu anaangalia nini mpaka aseme sasa basi? Nawasilisha.

Kaka Igoma

Uza mkuu. Bodi safi isiyo na kutu ndo mtaji wako hapo. Wapo vijana wanazitafuta hizi gari kwa nguvu waweke injini yenye nguvu zaidi ya 1JZ, wao injini yako hata hawaiangalii wanaangalia chesesi iwe nyoofu tu. Ukishatia milioni 3 kwenye injini hiyo hela hurudishiwi na mtu.

Fundi Mabatini

Mwangaluka ngosha. Mimi gereji ndo maisha yangu kwa hiyo nikisema usifanye ovahoo ujue najinyima kazi. Huyo aliyekwambia ufungue injini nzima alipima nini? Maana hujaandika popote kwamba kapima kompresheni, ile presha ya ndani ya silinda. Moshi wa bluu asubuhi halafu unakata, mara nyingi ni sili za valvu, zimekauka kwa uzee, gari ikilala oili inachuruzika taratibu juu ya valvu, ukiwasha inaungua ile iliyojikusanya halafu basi. Moshi wa ringi, zile pete za pistoni, tabia yake ni nyingine, huo unatoka ukikanyaga mafuta kupanda kilima, pandisha Isamilo halafu mtu awe nyuma yako anaangalia.

Sasa nenda kwa mtu mwenye geji, atoe plagi zote sita, apige starta silinda moja moja na aandike namba. Zikikaribiana zote na zipo juu, huna ovahoo hapo. Ikipatikana moja imeshuka, anaweka oili kidogo kwenye tundu la plagi anapima tena, namba ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi. Ni kazi ya asubuhi moja na bei yake ukilinganisha na milioni 3 ni ya soda. Inaniuma sana kuona injini ya 1G nzima inafunguliwa kwa sababu ya sili, halafu ikifungwa na mtu asiye na vipimo hairudi tena kuwa ilivyotoka Japan. Sili zinabadilishwa bila kushusha injini.

Gia boksi usikimbilie used. Chomoa stiki uangalie oili, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua hapo sikufichi, hali sio nzuri. Ikiwa imefifia tu badilisha oili pamoja na chujio lake, weka ile ile aliyoelekeza mtengenezaji, sio oili ya dumu lisilo na jina, halafu uangalie. Gia boksi used unayotumiwa kwenye basi kutoka Dar huijui imetoka kwenye gari gani, unaweza kubadilisha mgonjwa kwa mgonjwa.

Kugonga kwa mbele ni bushi za mikono, link na boljoint. Hiyo ndo nakuomba uifanye hata kama unauza, unambeba mama humo. Na kama kuna spesa uliwekewa gari iinuke, sema, maana hizo zikizidi urefu boljoint na bushi zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote.

Dada wa Kiseke

Kaka Ngosha mimi nilitoka kwenye sedani kubwa kama yako nikaingia Premio cc 1500 kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Mafuta ni tofauti kubwa. Ile ya zamani mjini ilikuwa inanipa kilometa 8 kwa lita ukiwa na bahati, hii inacheza 13 na ukitoka barabara kuu kwenda Magu au Lamadi inapanda zaidi. Mtu anayetembea kila siku kama wewe hiyo inaonekana mwisho wa mwezi, sio maneno.

Ila nilichopoteza ni ule utulivu. Silinda sita haina mtikisiko, ukizoea hivyo halafu ukarudi silinda nne ya cc 1500 utasikia injini inalia ukipanda kilima na watu wanne ndani. Na nyuma ni pazuri lakini sio kama Mark II, kwa hiyo usinunue mpaka umemkalisha mama kwenye hiyo gari na mkatembea naye mwendo mrefu, sio kuzunguka yadi tu. Wanaume mnanunua gari mkiangalia boneti halafu abiria ndo anajua baadaye.

Kitu kingine, Premio za kuanzia 2007 zina gia boksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina oili yake peke yake. Ukinunua mkononi muulize mwenyewe aliweka oili gani na uione risiti. Aliyewekewa oili ya oto ya kawaida usimchukulie gari hata akushushie bei.

Clearing Kirumba

Wengi hapa wanataja bei za Japan kama vile gari inashuka meli na kuja moja kwa moja Mwanza. Niwawekee hesabu kidogo maana watu wanalizwa sana na hili. Chukua gari ambayo TRA wameithaminisha milioni 10 ikiwa imefika bandari ya Dar. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo milioni 2 na nusu, tupo 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa cc 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 ni asilimia 10. Halafu kuna ule wa umri, gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya yote VAT asilimia 18.

Kwa hiyo gari ya cc 1800 iliyozidi miaka 10, kwa mfano huo kodi inafika kama milioni 9.9, yaani unainunua mara mbili. Ikiwa ya miaka 8 mpaka 10, thamani ile ile, inakuwa kama 7.7. Tozo ndogo ndogo za reli na nyinginezo sijaweka, wala clearing, wala mafuta na dereva wa kuileta Mwanza, na huo mwendo ni zaidi ya kilometa 1100. Watu wanakimbilia gari ya zamani kwa sababu bei ya Japan ni ndogo, umri unakuja kuila ile nafuu yote. Na TRA wanatumia thamani iliyopo kwenye mfumo wao, bei uliyopatana na muuzaji sio lazima waikubali. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, kila mtu aingie mwenyewe aangalie kabla ya kutuma hata senti.

Angalia na hili, cc 1500, 1800 na 2000 zote zipo kwenye asilimia 5 ile ile. Mark X ya cc 2500 ndo inaruka kwenda 10.

Kwa milioni 9 pamoja na ya kuuza, kuagiza sikushauri, utaishia katikati. Tafuta ya mkononi iliyo hapa hapa nchini, namba D yenye historia inayoeleweka. Na kabla hujalipa angalia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho, yote yanafuata namba ya gari, hayamfuati mtu. Kadi iwe na jina la huyo huyo anayekuuzia na umiliki ubadilishwe TRA mapema, usikae na mkataba kwenye droo.

Mtoto wa Ilala

Mark X mkuu, gari ya kiume, hizo Premio ni za walimu. Kama mafuta yanakusumbua weka mfumo wa gesi yaishe.

Dada wa Kiseke

Mtoto wa Ilala mdogo wangu, walimu ndo wamekufundisha kuandika hapo. Vituo vya gesi vingi vipo Dar na Pwani, huyu anatoka Buswelu kwenda Sengerema, mtungi ataujazia wapi?

Fundi Mabatini

Mark X ni gari nzuri sana na naiheshimu, barabarani inakaa kama imegundishwa. Ila ile ya cc 2500 ni D4, mafuta yanaingia moja kwa moja kwenye silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ina maana valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli kama kwenye 1G, masizi yanajenga pale mpaka gari inaanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani imewashwa na imesimama, na mafuta machafu yakiingia pampu na nozeli zake sio za bei ya mtu aliyeandika kwamba hataki mkopo. Ukiipata iliyotunzwa na una akiba ya kuitunza, chukua. Ukiinunua kwa hela yote uliyo nayo itakaa chini ya mwembe.

Na Premio angalia mwaka na injini, sio jina tu. Zile za mwanzo za 2001 mpaka karibu 2005 zenye cc 1800, injini ya 1ZZ, ringi za oili zinaganda kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo. Utakuwa umekimbia moshi wa sili ukakuta wa ringi. Kwa hizo za zamani cc 1500 ndo nafuu.

Mzee wa Bwiru

Wanangu nimesoma yote. Ngosha umeuliza mtu anaangalia nini. Mimi naangalia bodi, chesesi na kama gari inanirudisha nyumbani. Injini ni vyuma, vinabadilishwa. Gari ikioza sakafu au chesesi ikipinda, hapo hata injini mpya haisaidii. Ya pili, naweka pembeni daftari, kila shilingi inayoingia gereji naiandika, mafuta mbali na matengenezo mbali. Matengenezo ya mwaka yakianza kukaribia bei ambayo mtu angeninunulia hiyo gari, nauza. Ikilala njiani ovyo, nauza kabla ya hapo, mama hawezi kukaa Busisi usiku anasubiri fundi. Yako kwa maelezo haijafika huko.

Ngosha wa Buswelu

Shikamoo mzee Bwiru, na wote asanteni sana, sikutegemea watu mtaandika kwa moyo hivi.

Nimerudi na majibu. Nimepima kompresheni na fundi mwingine kabisa, silinda zote sita zimekaribiana, hakuna iliyoshuka. Isamilo nimepandisha, mdogo wangu akiwa na bodaboda nyuma, hakuona moshi. Kwa hiyo ovahoo hakuna na huyo fundi wa kwanza sirudi kwake. Oili ya gia imefifia ila hainuki, nabadilisha na chujio. Spesa zipo mbele, alizikuta fundi, ziliwekwa na aliyeniuzia, zinatoka. Nabadilisha sili za valvu, bushi na link, yote haifiki hata nusu ya ile milioni 3.

Mark X nimeiacha. Mpango wangu ni kutembea na hii huku naongeza akiba mpaka niipate Premio ya 2007 kwenda juu isiyo na longolongo, na dada wa Kiseke, mama atakaa nyuma tutatembea mpaka Usagara kabla sijatoa hela.

Kaka Igoma, hao vijana wa 1JZ ukiwapata waambie wasubiri zamu yao, bodi naitunza.

Fundi Mabatini

Safi sana. Swali moja hujajibu kwa sababu sikukuuliza. Mkanda wa tamingi ulibadilishwa lini? 1G ni mkanda, sio cheni, ni kila kilometa laki moja, na hii yako ya VVT-i ukikatika valvu zinagonga pistoni, hapo ndo utaijua ovahoo ya kweli. Kwa kuwa unafungua juu kwa ajili ya sili, malizia na hilo hilo, pamoja na tensheni inayoukaza mkanda.

Ngosha wa Buswelu

Nimepekua kava lote la injini hakuna stika wala risiti ya mkanda. Aliyeniuzia nimempigia, naye hakumbuki. Basi nahesabu haujawahi kubadilishwa, gari naipaki leo mpaka mkanda uje. Wa Nyakato niliouona hauna hata namba ya spea kwenye boksi, kuna mtu anayejua duka la uhakika hapa mjini au niagize Kariakoo uje na basi Nyegezi?

Fundi Mabatini

Agiza Kariakoo, watumie picha ya namba ya chesesi kwanza.