Odisyo ya teatri hapa Lubumbashi: niende na Kiswahili ao na Kifaransa?

binti_katuba

Ba yaya, ba papa na ba mama ba teatri, jambo yenu. Kuko trupe moya hapa Lubumbashi inatafuta bachezaji ba sezo yenye inakuja, tangazo niliiona mu grupe ya WhatsApp ya korale yetu, na baliandika wazi kama hata bale benye habajacheza na trupe kubwa banaweza kuja. Michezo ni tatu: moya ya Kifaransa ya zamani, moya ya Kiswahili yenye bachezaji benyewe batatunga mu repetisyo, na moya ya kuzungusha ku masomo juu ya batoto. Kila mutu alete monologi mbili, moya ya zamani na moya ya sasa, dakika mbili mbili, kiisha banakupatia tekisti ingine pale pale unaisoma na mwenzako. Luga gani, habakuandika, na hiyo njo inanikosesha usingizi.

Miye nimecheza paka ku lise na ku parokia, Noeli na Pasaka. Kifaransa nakisema bila shida, lakini nikiwa na woga maneno inatoka sawa mutoto anasoma lesoni yake mbele ya mwalimu. Kiswahili nikicheza batu banacheka kabisa, na wakati wa kulia banalia. Sasa rafiki yangu mumoya anasema kama nikifungua kinywa na Kiswahili mbele ya juri bataniandika paka rolo za mama muuzaji wa soko na boyi wa nyumba. Ni kweli? Na tekisti ya zamani mu Kiswahili, mutu anaitosha wapi?

Ingine tena: ku fishi bameuliza "rolo gani unataka". Miye nataka sana ile binti mukubwa wa mchezo wa Kifaransa. Niandike hiyo, ao niandike "yoyote"? Naomba munijibu mbele ya juma ijayo.

yaya_wa_sene

Dada, nimekaa ku upande wa juri mara mingi, acha nianze na ile ya Kiswahili juu njo inakuuma.

Rafiki yako anakosea, na hapa Lubumbashi hiyo maneno haifai hata kusemwa. Huu muji uliona trupe ya Mufwankolo, bachezaji benye bazazi betu balikuwa banabafwata ku radio na ku televizyo, bote mu Kiswahili ya hapa hapa. Mu 1986 balicheza mchezo muzima juu ya sultani na mamlaka yake, kuko sultani, kuko bazee ba baraza, kuko bibi zao, hakuna mutu alisema kama luga ilikuwa ndogo juu ya ile rolo. Na vile balikuwa banatumika ni vile vile tangazo yako inasema: hakukuwa tekisti ya kuandikwa, balikuwa na hadisi na mupangilio wa sene, kiisha kila mutu anatafuta maneno yake mu repetisyo, anajaribu, benzake banamurudisha, anajaribu tena. Kama hii trupe yako inataka kutunga mchezo namna hiyo, bako nahitaji batu benye Kiswahili inabatoka bila kutafsiri mu kichwa. Weye uko na hiyo kitu. Usiende kuificha.

Lakini na Kifaransa utaileta, juu mchezo wa kwanza ni Kifaransa na njo wenyewe unautaka. Kwa hiyo: ya zamani mu Kifaransa, ya sasa mu Kiswahili.

Ya zamani, angalisho. Batu benye banatoka ku lise banachukua Corneille ao Racine, batunzi ba zamani ba Kifaransa, juu balisoma mu klasi, halafu banaanguka pale. Ile ni mistari ya silabi 12, na kapumziko kisha ya sita, na kuko ma "e" yenye ku barabara hatuisemi lakini mu mustari inabidi isikike, usipoisema mustari unavunjika na juri inasikia. Kuitengeneza kunaomba miezi, na mutu wa kukusikiliza. Chukua Molière, mutunzi mwingine wa wakati ule, lakini mu proza, ni kusema maneno ya kawaida bila mistari ya kuhesabu. Angalia Elvire mu Dom Juan, mchezo wa 1665: anakuja mara mbili, ya kwanza na hasira juu bwana amemukimbia, ya pili, mu akte ya ine, anarudi bila hasira, anamuomba ageuke mbele ya kuchelewa. Hiyo ya pili njo ningekupatia weye. Batu mingi banachukua ya kwanza juu kuko kelele ndani, na kelele inaonekana kama ni kucheza. Ya pili inaomba mutu apende kweli mutu mwingine kwa dakika mbili, na kama Kifaransa yako inakauka ukiogopa, kitu cha kuomba kitakushika kuliko kitu cha kupiga makelele.

Kiisha jambo yenye ningependa uiweke mu kichwa kuliko byote. Ukimaliza, meteransene, ule mwenye kuongoza mchezo, anaweza kukuambia: rudilia, lakini sasa huyo mutu unayemuambia amelala mu chumba ya pembeni, hautaki aamke. Bengine banashituka, banafikiri kama balicheza vibaya. Hapana! Akikurudisha ni juu amependa kitu, anataka kuona kama unaweza kubadilika. Mutu mwenye alijifunza tekisti pamoja na mikono, hapa nainua mukono, hapa naangalia chini, hawezi kubadilisha hata kidogo, anarudilia ile ile mara ya pili na sauti ndogo tu. Kwa hiyo jifunze maneno ukiwa nafagia, ukiwa napika, ukiwa natembea, mpaka maneno isifungwe na mwendo wowote. Mutu mwenye anasikia na kugeuka pale pale, hata kama kazi yake ya kwanza haikuwa nguvu, miye namuchukua.

kijana_wa_Birere

Niko Goma, nasalimia balushois. Juu ya Kiswahili ya zamani: Nyerere mwenyewe alitafsiri Shakespeare, Mabepari wa Venisi ilitoka 1969, na ndani kuna ile maneno ya Porsha mbele ya hakimu kuhusu rehema, ni ya mwanamuke, ni nzuri sana. Kuna pia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969 vilevile, kuhusu vita ya Maji Maji ya 1905 mpaka 1907, hiyo yenyewe iliandikwa mu Kiswahili toka mwanzo. Kwa hiyo asikudanganye mutu kwamba Kiswahili haina tekisti kubwa.

Na kitu nyingine. Huku kwetu batu wengi wanaanzia ku teatri ya kuhamasisha, ya ma ONG, unacheza sokoni ama ku kambi, unaongea na batu moja kwa moja, unawauliza, wanajibu. Ni shule nzuri kabisa, inatoa woga. Lakini ku odisyo usimuangalie mutu wa juri mu macho ukimufanya ndio bwana yako, unamunyima nafasi ya kukutazama, anakuwa anafikiri afanye sura gani. Huyo unayeongea naye muweke juu kidogo ya vichwa vyao, ku ukuta, mahali pamoja, na asihame.

yaya_wa_sene

Ndugu wa Goma, ya macho nakubali mia kwa mia. Ya Nyerere, hapana, si kwa yeye. Ni kazi kubwa, naiheshimu, lakini ni Kiswahili ya Tanzania, na mutoto wa Katuba akiisema na juma moya ya kujitayarisha tutasikia journali ya radio. Akiwa na miezi mitatu nitasema ndiyo.

kijana_wa_Birere

Basi aisome kwa sauti leo jioni, akisikia mudomo unakataa aache. Mimi nimeona batu wameikamata haraka sana, inategemea sikio ya mutu.

fundi_wa_taa

Miye ni regi, natumika na taa na bintu bya sene, bintu bya kucheza nabiachia benyewe. Nasema paka bile binaonekana kutoka nyuma ya sale.

Odisyo mingi hapa inafanyika mu sale ya parokia ao mu klasi. Ile nyumba ya teatri balijenga mu mji mu 1956, Bâtiment du 30 Juin, leo ni bunge ya provinsi njo inakaa mule, usifikirie utaingia mu sene ya namna ile na sauti inabebwa yenyewe. Utapata ukuta wa sima na matole juu, na kama ni wakati wa mvua, matole itapiga kuliko weye. Usilalamike, usiongeze makelele, sema polepole, maliza maneno na mwisho wake, juu mwisho wa neno njo ya kwanza kupotea. Mvua ikizidi omba bangoje, hakuna mutu atakukasirikia.

Fika mbele ya saa. Uyue tarehe zako: batakuuliza kama uko na egzamen, kazi, safari, sema ukweli wote siku ile ile. Mutu mwenye anaficha egzamen halafu anakosa repetisyo anaharibia benzake bote.

Na hii naandika juu uko binti. Odisyo ya kweli hailipishwi, hata franka moya ya fishi, hapana. Na haifanyiki mu nyumba ya mutu usiku wala mu chumba ya oteli. Enda na dada ao rafiki, akungoje inje. Trupe ya heshima haitaona vibaya.

Ku fishi andika "yoyote". Inaonyesha uko tayari.

mama_Kadutu

Mwanangu, nakusalimia toka Bukavu. Kwa fishi sikubaliani na papa wa taa. Andika jina ya ile rolo unayoitaka, kisha ongeza "na rolo zingine pia", kama ni kweli utazikubali. Ukiandika "yoyote" hawajui kama umesoma huo mchezo. Na usome mchezo wote, si sene za huyo binti tu, maana ile tekisti ya kusoma pale pale mara nyingi inatoka mule mule. Ukiisoma na mwenzako, musikilize yeye. Usiwe unatafuta mustari wako wakati yeye anaongea.

Kama wakikupa kuwa dublire wa ile rolo, ni kusema mutu wa kushika nafasi kama mwenye rolo hayuko, ukubali. Utakaa mu repetisyo zote, utaona vile kazi inajengwa.

binti_katuba

Aksanti sana, nimesoma byote na dada yangu, yeye njo atanisindikiza. Nimechukua Elvire ya pili. Porsha nilijaribu kwa sauti, ni tamu lakini mudomo ulikataa, nitaiweka juu ya mwaka ujao. Ku fishi nafwata mama wa Kadutu. Juu ya ile ya sasa mu Kiswahili, ninaweza kuitunga miye mwenyewe? Niko nafikiri binti mwenye anaongea na mwenye nyumba, anaomba mwezi moya tena mbele babafukuze, na mama yake haiko anajua kama yeye amekwenda kuomba.

yaya_wa_sene

Unaweza, lakini piga ile namba ya ku tangazo uulize mbele, trupe zingine zinataka tekisti ya mutunzi. Bakikubali, siku ile sema wazi kama ni yako. Na ile ya mama hajui, usiiseme mwanzoni. Iache itoke pale mwenye nyumba anataka kufunga mulango.